Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: wenye msiba wakae mezani

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Nakuandikia kuhusu mabaki ya wazee wetu yaliyoko Ujerumani, na hasa kuhusu nani atakaa mezani Serikali inapoyazungumzia na Wajerumani.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, akakutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wazee wetu. Aliahidi pia kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna, ingawa hakuweza kuahidi kwamba litapatikana. Naliheshimu tendo lile. Wiki hiyohiyo Mfalme Charles alikuwa Kenya, akakiri kwamba maovu ya Waingereza hayana kisingizio, lakini radhi hakuomba. Steinmeier aliomba, tena mbele ya wafiwa. Ila muungwana ni vitendo, na vitendo ndivyo vinavyonifanya nikuandikie.

Tumeshaona jambo hili likifanywa vibaya. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ndani ya miezi 6. Lilirudi mwaka 1954. Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, ndiye aliyelichagua kwenye makumbusho ya Bremen, kwa kufuata vipimo vya kichwa. Liko Kalenga hadi leo, na hadi leo wapo wanaouliza kama kweli ndilo. Wahehe waliletewa jibu la swali ambalo wakubwa walikwishajibizana wenyewe.

Sasa hakuna sababu ya kubahatisha. Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho makubwa ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 kutoka Afrika Mashariki, 202 kati yake yakiwa ya eneo ambalo leo ni Tanzania. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa "Akida", yaani cheo cha uongozi. Watafiti walichukua mate ya watu wa ukoo waliodhani kuwa ni wake, wakalinganisha vinasaba, vikaoana: alikuwa mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi. Mafuvu mengine mawili nayo yalipata ndugu. Mangi Meli mwenyewe, aliyenyongwa Old Moshi Machi 1900, hakuwa miongoni mwao. Fikiria, Mheshimiwa: mtu ameandikwa hadhi yake kwenye mfupa wa kichwa chake, akawekwa ghalani zaidi ya miaka 100, na kumbe wajukuu wake wako hai, wanalima, wanasomesha watoto, na kilichohitajika ni mtu wa kwenda kuwauliza.

Ndiyo maana naogopa mazungumzo ya serikali kwa serikali peke yake. Namibia na Ujerumani zilifikia makubaliano mwaka 2021: Ujerumani ilikiri mauaji ya kimbari ya Waherero na Wanama, ikaahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, fedha ambazo ilikataa kuziita fidia. Viongozi wengi wa Waherero na Wanama waliyakataa makubaliano hayo wakisema mambo yao yamezungumzwa bila wao. Nasi tukipewa miradi ya maji na barabara badala ya majibu, tutaishia hapohapo. Barabara tuijadili siku nyingine.

Wajerumani hawahitaji kufundishwa thamani ya kuzika. Mwaka uleule wa 1919 walianzisha chama cha kuwatafuta na kutunza makaburi ya askari wao waliokufa ugenini, na leo chama hicho kinatunza makaburi zaidi ya milioni 2 katika nchi nyingi. Bado kinafukua mifupa, kinatafuta majina, kinaziarifu familia. Mweleze Balozi wao hivyo: tunaomba wazee wetu watafutwe kwa bidii ileile wanayotafutwa vijana wao.

Na sisi tuseme ukweli wote. Njaa iliyotokana na kuchomwa mashamba na maghala wakati wa Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani iliua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wengi wanataja vifo kati ya 200,000 na 300,000. Amri zilikuwa za Gavana von Götzen na maofisa wake, lakini wengi wa walioshika viberiti walikuwa askari Waafrika, na baadhi walitoka makabila yetu. Vitabu vya shule viseme hivyo bila kigugumizi. Hilo halimpunguzii Mjerumani deni lake hata kidogo.

Ninachoomba ni hiki. Koo zenyewe ziwakilishwe na watu ziliowachagua, nao waingie chumbani tangu kikao cha kwanza. Ujerumani itoe orodha kamili ya mabaki yaliyoko kwenye makumbusho na vyuo vyake vyote, kwa Kiswahili, ikionyesha mahali yalikochukuliwa. Vipimo vya vinasaba vifanyike kwa gharama yao, Ruvuma na kwingineko, kabla wazee wanaokumbuka nasaba hawajatutoka.

Kila mwisho wa Februari Songea huwakumbuka mashujaa wa Majimaji. Njoo, Mheshimiwa, ukae na ukoo wa Mbano, uwaeleze mmefika wapi na fuvu la babu yao.

Wako,
Mwananchi