Ubingwa wa mechi 162 usiuzwe kwa mechi tatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wenu wa michezo aliyedai kuwa besiboli ni mchezo wa kusinzia mpaka ifike Oktoba, na kwamba fainali ya mwaka huu wa 2025 kati ya Los Angeles Dodgers na Toronto Blue Jays ndiyo iliyomwamsha. Fainali ilikuwa tamu, sibishi. Lakini naona utamu wenyewe ulimpita akiwa amelala. Naishi Toronto, naishabikia Blue Jays, na hata baada ya kufungwa katika mechi ya saba na ya mwisho, awamu ya 11 (za kawaida ni tisa), usiku wa manane ukiwa umeshapita, bado nasema kilichonikamata roho mwaka huu ni Septemba.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu: timu ziko 30, zimegawanywa katika ligi mbili, American na National, na kila timu hucheza mechi 162 kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Karibu kila siku iendayo kwa Mungu kuna mechi. Zamani aliyemaliza kileleni mwa ligi yake alitwaa bendera ya ligi na kwenda moja kwa moja kwenye fainali, World Series, na wengine wote walifunga virago. Mwaka 1969 kila ligi ikakatwa makundi mawili, baadaye yakawa matatu. Mwaka 1995 ikaanza kutumika nafasi ya timu ya ziada isiyoongoza kundi, 2012 ikaongezwa ya pili, na tangu 2022 timu zinazoingia kwenye mtoano ni 12. Kila nyongeza ililetwa kwa maneno matamu, na kila nyongeza iliing'ata Septemba kipande.

Chukua mfano wa Cleveland Guardians mwaka huu huu. Mwanzoni mwa Julai walikuwa nyuma ya Detroit Tigers, vinara wa kundi lao, kwa pengo la mechi 15 na nusu (nusu huja timu moja ikiwa imecheza mechi moja zaidi). Pengo la namna hiyo halikuwahi kuzibwa na timu yoyote katika historia ya ligi hizi. Hata Boston Braves wa mwaka 1914, wanaotajwa kila msimu kama muujiza, walitoka nyuma ya mechi 15. Guardians wakaanza kulitafuna taratibu, na Septemba wakalivamia. Tarehe 23 timu hizo mbili zikakutana Cleveland, Detroit wakimtegemea Tarik Skubal, mrushaji ambaye wapigaji wa ligi nzima wanamwogopa. Katika awamu ya sita Guardians hawakujaribu hata kumpiga kwa nguvu. Waliugusa mpira tu, ukadondoka hatua chache mbele yao, wakakimbia. Kurusha ndiyo kazi ya Skubal, si kuokota. Mpira mmoja Skubal aliuwahi akiwa ameipa mgongo besi ya kwanza, kituo ambacho mpigaji hukimbilia, akajaribu kuutupa kinyumenyume katikati ya miguu yake, ukapotea. Kisha mpira wake wa kasi ya maili 99 kwa saa ukampiga David Fry usoni. Skubal akatupa kofia na glavu chini, na uwanja mzima ukanyamaza. Cleveland wakashinda 5 kwa 2, na usiku huo timu hizo zikawa sawa kileleni.

Guardians walimaliza na ushindi 88, Tigers 87. Wakalitwaa kundi kwa mechi moja baada ya kufukuza tangu Julai. Zawadi yao ikawa nini? Kucheza na Tigers walewale, siku mbili tu baada ya msimu kwisha, mshindi wa mechi mbili kati ya tatu anasonga. Skubal akarudi, safari hii akawatoa wapigaji 14 peke yake, Detroit wakashinda 2 kwa 1. Cleveland wakaipata mechi ya pili, wakaipoteza ya tatu 6 kwa 3. Kazi ya miezi mitatu ikafutwa ndani ya siku tatu, na aliyefutiwa ni yule aliyekuwa amekwishamshinda mwenzake katika jedwali.

Sisi tuliokulia kwenye Ligi Kuu ya Bara tunaielewa hii haraka kuliko Wamarekani wenyewe. Hebu Yanga wamalize wa kwanza, Simba wa pili, kisha shirikisho litangaze kuwa sasa hao wawili na wengine wanne wanaanza upya, na pointi zote za msimu zinawekwa kabatini. Nani angelala Kariakoo usiku huo?

Najua nitaambiwa mwaka huu haki ilitendeka, kwa kuwa Dodgers na Blue Jays wote waliongoza makundi yao. Safari hii mfumo ulibahatika, na hata hivyo Milwaukee Brewers, waliokuwa na ushindi mwingi kuliko timu zote, 97, walipigwa na Dodgers mechi nne mfululizo kabla ya fainali. Mwaka 2023 bahati haikuwepo. Atlanta walishinda mechi 104, Baltimore 101, Dodgers 100, na katika mtoano timu zote tatu kwa pamoja zilishinda mechi moja tu. Fainali wakacheza Texas wenye ushindi 90 na Arizona wenye 84. Siwadharau Arizona, waliwafunga waliopangiwa. Ila kama timu ya 84 inaweza kuwafuta wa 100 kwa mechi tatu za Oktoba, basi waniambie zile 162 zilichezwa kwa ajili ya kuuza soda.

Jambo la pili linahusu timu yangu, na nalisema nikiwa upande ulionufaika. Jumapili ya mwisho ya msimu, tarehe 28 Septemba, Blue Jays na New York Yankees waliamka wakiwa sawa kileleni mwa kundi lao. Nilikuwa kwa kinyozi wangu, kijana wa Bujumbura, runinga ikionyesha mechi yetu na Tampa Bay, huku mimi simu mkononi nafuatilia Yankees wakicheza na Baltimore Orioles. Alejandro Kirk alikuwa ameshatupigia mpira uliovuka ukuta besi zote zikiwa zimejaa wenzake, pointi nne kwa pigo moja, mambo shwari, lakini kila Orioles walipopata pointi mimi naruka kitini.

"Kaka, tulia nitakukata sikio. Hao Orioles ni wa wapi?"

"Baltimore."

"Sasa Baltimore wamekufanyia nini wewe?"

Sikuwa na jibu la haraka, na hapo ndipo raha ya mbio za bendera inapokaa: mtu anashangilia timu ambayo wiki iliyopita aliitukana, katika mji ambao hajawahi kuukanyaga. Yankees walishinda 3 kwa 2, sisi tukashinda 13 kwa 4, wote tukamaliza na ushindi 94.

Hadi miaka michache iliyopita jibu lingekuwa moja: mechi ya 163, kesho yake, mshindi anachukua kundi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1978, Yankees walipokwenda Boston baada ya kufuta pengo la mechi 14, na Bucky Dent, ambaye hakuna aliyemtegemea kwa mapigo ya mbali, akauvusha mpira juu ya ule ukuta mrefu wa kushoto. Mwaka 1951 New York Giants na Brooklyn Dodgers walicheza hata mechi tatu za ziada, na pigo la Bobby Thomson katika awamu ya mwisho linasimuliwa hadi leo na watu ambao baba zao hawakuwa wamezaliwa. Tangu 2022 mechi ya 163 imefutwa. Sasa anatazamwa nani alimfunga mwenzake zaidi walipokutana. Sisi tuliwafunga Yankees mara nane kati ya 13, basi, kundi letu. Tukapumzika, maana vinara wawili bora wa kila ligi huruka raundi ya kwanza (Cleveland walikuwa wa tatu), wao wakaenda kuhangaika na Boston katika raundi ya kwanza. Nilifurahi, nisiwe mnafiki. Lakini mechi moja ya Jumatatu kati ya Toronto na New York, kila kitu mezani, ingekuwa mechi ya mwaka kabla hata ya Oktoba kuanza, na iliuawa na kalamu ya ofisini ili ratiba ya televisheni ikae sawa.

Wanaoutetea mfumo mpya hunitajia San Francisco Giants wa 1993, walioshinda mechi 103 na kubaki nyumbani kwa sababu Atlanta walishinda 104. Wanaiita dhuluma. Giants waliingia siku ya mwisho wakiwa sawa na Atlanta, wakapigwa na Dodgers 12 kwa 1, mji mzima ukalia. Miaka zaidi ya 30 imepita na bado tunaizungumzia. Mwaka huu Mets na Cincinnati Reds walilingana na ushindi 83 wakigombea nafasi ya sita ya ligi, Reds wakapita kwa kanuni ileile ya waliokutana, wakatolewa na Dodgers kwa mechi mbili. Nani atawakumbuka?

Sidai turudi mwaka 1950, fedha za mtoano zimeshaonjwa na hazitatemwa. Lakini waige Japani. Kule bendera ya ligi anapewa aliyeongoza msimu, halafu ndipo mtoano unafuata, na katika raundi ya mwisho ya ligi bingwa huyo huanza akiwa ameshahesabiwa ushindi mmoja, na mechi zote huchezwa nyumbani kwake. Korea nako timu ya tano ikikutana na ya nne lazima ishinde mara mbili, ya nne inatosha kutofungwa mara moja. Kwa kanuni kama hiyo Cleveland wasingefutwa hivihivi.

Ugonjwa huu hauko kwenye besiboli pekee. Vuli nzima ya huku imeambukizwa. Futiboli ya Kimarekani ya vyuo ilikuwa na Jumamosi za kufa na kupona, ukifungwa mara moja msimu umekwisha. Mwaka 2024 wakaongeza timu za mtoano kutoka nne hadi 12, Ohio State wakafungwa nyumbani na mahasimu wao Michigan mwishoni mwa Novemba, na Januari wakawa mabingwa wa nchi. Soka la Marekani nalo: Inter Miami ya Messi iliweka rekodi ya pointi 74 mwaka huohuo, kisha ikatolewa raundi ya kwanza na Atlanta, walioshika nafasi ya tisa upande wa mashariki. Hoki ya barafuni sitaigusa, majirani zangu watanihamisha mtaa. Ligi ya futiboli ya Kanada ina timu tisa, na sita zinaingia mtoano.

Mchezo wa vuli uliobaki salama ni marathoni. Saa chache baada ya sisi kufungwa na Dodgers, asubuhi ya Jumapili tarehe 2 Novemba, nilifungua macho mekundu kutazama New York. Benson Kipruto na Alexander Mutiso walifika utepe wakiwa wamebanana, muda uleule, saa 2:08:09, tofauti ni sehemu ndogo ya sekunde. Hellen Obiri akavunja rekodi ya njia hiyo kwa wanawake iliyodumu tangu 2003. Hakuna aliyemwambia Kipruto kwamba kwa kuwa wamekaribiana, arudi na wenzake 11 wakimbie mita mia.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni dogo. Mwakani ikifika Septemba, chapisheni msimamo wa makundi sita ya besiboli, hata kwa herufi ndogo. Wasomaji wapo, watoto wa Lugazi, Uganda, waliifikisha Afrika kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya dunia ya Little League, besiboli ya watoto, kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012, na hawakuanza kuucheza mchezo huu jana. Nafasi inapatikana. Ipunguzeni ile safu ya wachezaji wa Ulaya ambao kila siku "wanakaribia kusaini".

Wako katika michezo,
Msomaji wenu,
Toronto, Kanada