Kwa Nini Nilikuita Rafiki

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Mimi na watoto hatujambo. Mama goti linamsumbua, lakini bado anasali kwa kusimama. Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu. Unaniuliza umenikosea nini hata siku hizi nikuite "rafiki yangu", kama watu waliojuana jana. Hujanikosea, mwenzangu. Mimi ndiye niliyekukosea, na nimeona bora nikuandikie, maana kwenye simu nitalia.

Unaikumbuka ile simu yako ya mwezi wa Shaabani? Nilikuwa kwenye daladala, natoka mjini. Kuona jina lako nikaitika kwa furaha, "Abee shoga! Shoga yangu wee!" Vijana wawili nyuma yangu wakaangua kicheko. Konda akageuka. Mama mmoja, mtu mzima, akanitazama kama niliyetukana. Nikashusha sauti, nikasema, "Rafiki, nitakupigia baadaye." Tangu siku ile ulimi ukawa mzito, hata nikiwa peke yangu jikoni.

Wewe huko Maskati unakaa na kina bibi waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964. Waliondoka na maneno yao na wanayo mpaka leo, wakikuita shoga hakuna anayeshtuka. Huku kwetu neno limehamishwa. Gazeti likiandika "ushoga" halisemi habari ya wasichana wawili waliochana doti moja ya kanga, kipande wewe kipande mimi, kama tulivyofanya mwaka ule tuliomaliza shule. Linasema habari ya wanaume wanaopenda wanaume. Na mitaani ni jiwe la kumrushia kijana yeyote ambaye mwendo wake au sauti yake haiwapendezi wenzake.

Nimelala nalo jambo hili siku nyingi. Walipotaka kumvunjia mwanamume heshima, walikuja kuchukua jina tuliloitana sisi wanawake kwa mapenzi. Tusi lenyewe ni kumwambia, wewe ni kama wale. Wale ndio sisi! Kwa hiyo yule kijana anaumizwa, na sisi tumenyang'anywa, kwa neno lile lile.

Sisemi maneno yasihame. Hiyo daladala yenyewe ilipata jina kwa sarafu ya shilingi 5, dala, iliyokuwa nauli miaka ya 1980. Leo shilingi 5 hainunui hata pipi, na jina linatembea barabarani bila kumuumiza mtu. Kuchakachua lilikuwa neno la waliochanganya mafuta ya taa kwenye dizeli. Ulipofika uchaguzi wa 2010 likahamia kwenye kura, na lilifaa kabisa.

Lakini tazama yanakokwenda. Mchizi alikuwa mwendawazimu, leo ni rafiki wa kufa na kuzikana. Bomba lilipitisha maji, leo kitu kikiwa bomba ni kizuri mno. Kigogo ni kipande cha mti, leo ni mkubwa anayefunguliwa mlango wa gari. Hayo yamepanda. Yanayotua kwa wanawake yanashuka. Changudoa ni samaki, wewe na mimi tumemla tangu utoto, yule mwenye doa jeusi ubavuni. Juzi nimemuulizia pale soko la samaki la Deep Sea, muuzaji akainama akaninong'oneza, "Sema changu tu, mama." Samaki wa watu, kafanywa jina la mwanamke anayeuza mwili wake, na aliyemnunua hana hata jina.

Lililoniuma zaidi ni la bibi. Idi iliyopita wajukuu na vitukuu walimzunguka, wakamwomba awasimulie maisha ya zamani kijijini, kule Pangani. Akaanza vizuri. Akasema kiangazi kisima kikikauka waliamka kabla ya alfajiri, wanachimba mchangani, wanasubiri maji yajikusanye, halafu wanadanga, yaani wanayachota kwa kata, kile kifuu chenye mpini, kidogo kidogo, mkono mwepesi, usije ukatibua tope. "Mimi nilikuwa hodari wa kudanga," akasema, "mama yangu akinisifu kwa watu." Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Kwa wale watoto kudanga ni msichana kuzunguka na wanaume kwa ajili ya fedha, hawajui kudanga kwingine. Bibi alidhani wanacheka umaskini wake. Akakunja miguu, akasema amechoka, akaomba apelekwe kulala.

Niliwakalisha wale watoto nikawaeleza kata ni nini, na maji yale yalinywewa na nani mpaka wao wakazaliwa. Mkubwa wao alilia. Kesho yake akaenda chumbani kwa bibi akamwambia, "Bibi, nifundishe kudanga." Wakatoka uani na beseni la mchanga na kifuu cha nazi, kata siku hizi hatuna, na bibi akamshika mkono kumwonyesha namna ya kuuinamisha. Nilisimama mlangoni nikitazama mkono ule, ngozi imebaki kama karatasi, haukutikisika hata kidogo. Hapo ndipo nilipojionea haya. Mtoto wa miaka 14 kamrudishia bibi yake neno lake, na mimi mtu mzima nimeliacha la kwetu kwenye daladala kwa sababu ya vijana wawili.

Nisamehe. Mama anakusalimu sana na anauliza ule udi ulioahidi kumletea. Kile kipande chako cha kanga kama bado unacho, njoo nacho Desemba, changu kimepauka lakini hakijachanika.

Ijumaa nitakwenda mjini kama kawaida, narudi saa kumi kwa daladala ile ile. Nipigie saa hiyo.

Ni mimi shoga yako