Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mama amerudi kitanda kilekile

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya moyo. Jana usiku mama alishika kifua, jasho jembamba likimtoka, akaninong'oneza, "Ni kile kile." Miezi mitano iliyopita alizibuliwa mshipa wa moyo kwa puto, hapa hapa. Stenti hakuwekewa. Tuliambiwa zimeisha stoo.

Madaktari siwalaumu. Mmoja alinichorea nyuma ya boksi la dawa: puto likijazwa hukandamiza mafuta yaliyoganda, njia inafunguka, likitolewa, ukuta wa mshipa hujivuta kurudi ulivyokuwa, na kovu huota ndani. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma kinachobaki pale kuushikilia.

Wala haya si mageni. Daktari Andreas Grüntzig alitumia puto kwenye mshipa wa moyo mjini Zürich mwaka 1977. Mishipa ikawa inasinyaa tena, na mwaka 1986 stenti zikaanza kuwekwa. Mwaka 1994 utafiti wa BENESTENT ulionyesha kusinyaa tena kwa asilimia 32 ya waliotibiwa kwa puto peke yake, na 22 kwa waliowekewa stenti. Zilipokuja stenti zenye dawa, idadi ikashuka zaidi.

Puto lina kazi yake, najua. Lile lililopakwa dawa hufaa stenti ya zamani ikisinyaa ndani. Tena mwenye stenti hana budi kumeza aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, kwa miezi, na si kila mtu anaziweza. Ila hayo aamue daktari akiutazama mshipa, yasiamuliwe na rafu tupu!

Siku ya kuzindua mashine ya chumba cha kuzibulia mishipa hapa, Mheshimiwa, uliahidi kwamba hakuna mgonjwa atakayekosa kifaa. Nilikuwepo, nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Labda zabuni imekwama, labda msambazaji hajalipwa. Kila ninayemuuliza ana lake. Mama yeye anahesabu pumzi.

Kesho asubuhi anarudishwa mle ndani. Naomba stenti ziwepo, za vipimo vyote, maana mshipa hauchagui kipimo kilichobaki. Na kama hazipo, tuambiwe leo, kabla hajalazwa juu ya ile meza. Naomba stenti, Mheshimiwa. Kesho asubuhi.

Mwanawe, kitanda cha tatu