Ukurasa wa Mwisho wa Daftari

Mwanangu,

Ni saa nne usiku na unga nimeshaukanda, nimeufunika kwa kitambaa hapo mezani unaumuka. Kawaida saa hizi nimelala, lakini lile neno ulilonitupia Jumapili halijanipa usingizi. Uliniuliza, "Mama, nani kakupa ruhusa ya kumsamehe mama mdogo kwa niaba yangu?" kisha ukakata simu. Nilibaki nimeishika sikioni kama mtoto aliyeokota kombe ufuoni. Sikukasirika, ila jibu sikuwa nalo. Na wewe kwa simu hunipi nafasi ya kumaliza nilichoanza, basi nakuandikia. Barua haikatwi katikati.

Swali lako ni la haki. Nilisema ndani ya nafsi yangu, huyu mtoto kauliza kitu ambacho hata mchungaji angetaka aulizwe kesho.

Tuanze na unachokijua. Mwaka 2009 ulikuwa kidato cha pili. Mimi nilikuwa mweka hazina wa chama chetu, wanawake 12 bila kunihesabu mimi, kila mmoja elfu tatu, jumla 36,000. M-Pesa ilikuwa na miaka miwili tu na sisi wa sokoni tuliamini mikebe kuliko simu. Pesa zilikaa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, chini ya kitanda, juu yake nimepanga leso. Mamako mdogo aliondoka Alhamisi alfajiri nikiwa kwenye karai. Nilisikia komeo likifunguliwa, nikadhani anakwenda msalani. Mkebe aliuacha pale pale, na zile leso alizirudisha juu yake kwa mkunjo wangu mimi. Hilo la leso liliniuma kuliko pesa. Mwizi wa nje hajui mtu hukunja vipi leso zake.

Siku ile nilifungua daftari la madeni, lile la jalada la bluu ninaloandikia wateja wa mahamri, nikaenda ukurasa wa mwisho kabisa. Nikaandika jina lake na 36,000. Nikapiga mstari chini yake mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi.

Sasa nikwambie habari ya mwanamke mmoja kati ya wale 12, yule mzee aliyekuwa akikaanga samaki jirani na meza yangu. Nilipomfikia na elfu tatu yake, nimeikunja kwenye kitambaa, hakunyoosha mkono. Alikuwa anageuza samaki. Akasema, "Mimi nimeshalipwa." Nikamwambia, mama, hujalipwa, wewe ndiye wa nne. Akageuza samaki mwingine. "Nimesema nimeshalipwa. Ondoka hapo, mafuta yatakurukia." Hatukuongea tena jambo hilo mpaka tukamzika. Watu husimulia walivyokutana na Mungu kwenye mikesha na mikutano ya hadhara. Kwangu mimi mwaka ule Mungu alinuka samaki.

Na pamoja na hayo, ukurasa wa mwisho sikuugusa. Nilisamehewa elfu tatu mchana, usiku nikaenda kuhesabu 36,000 yangu. Wajua mfano huo ni wa nani, ulifundishwa Shule ya Jumapili, Mathayo 18. Mtumwa alidaiwa na mfalme talanta elfu kumi, akaachiliwa, akatoka nje akakutana na mwenzake anayemdai dinari mia, akamshika koo. Nilipokuwa mdogo walitufundisha kwamba dinari mia ni vijisenti. Si kweli. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Hebu piga hesabu ya siku mia za kuli pale bandarini, uniambie kama ni vijisenti. Yesu hakusema yule mtu hakudhulumiwa. Alidai chake, na chake kilikuwa kikubwa. Ila talanta moja ni kama dinari 6,000, kwa hiyo zile elfu kumi ni siku milioni sitini za kibarua, miaka zaidi ya laki moja na nusu bila kupumzika hata Krismasi. Hapo ndipo mtu anapoona mfalme alikuwa ameachilia kitu gani.

Nami hupenda kwamba Biblia yetu ya Kiswahili haikuogopa neno deni. Kanisani tunasema "utusamehe makosa yetu", lakini ukifungua Mathayo utakuta "utusamehe deni zetu", na Luka anasema "tunamsamehe kila tumwiaye". Kuwia. Nyanya yako alilitumia neno hili kila siku: "Yule muuza mkaa namwia kumi." Nyinyi siku hizi mwasema namdai. Mtu wa biashara kama mimi husikia sala hiyo tofauti kidogo na anavyoisikia mwalimu. Kosa laweza kupita, mtu akasahau. Deni limeandikwa. Ili liishe, lazima mmoja aumie mfuko, aidha aliyekopa au aliyekopesha.

Ngoja nitoke nje ya njia kidogo. Nyanya mzaa babako kwao ni Rabai. Mwanzo wa mwaka 1889, watumwa watoro waliokimbilia misheni pale Rabai na vituo vingine, watu wapatao 1,400, walipewa hati za uhuru baada ya fidia kukubaliwa. Fidia hiyo walipewa mabwana. Waliofanyishwa kazi bure hawakuhesabiwa chochote. Kila ninapopita Kengeleni, makanga wakipiga kelele za kushusha watu, nikaiona ile kengele ya Freretown iliyokuwa ikipigwa kuwaonya walioachwa huru kwamba wawindaji wa watumwa wanakuja, hujiuliza: katika hesabu ile, nani hasa alimwia nani? Kwa hiyo mtu akikwambia kusamehe ni kufanya kana kwamba hakukuwa na deni, usimsikilize. Lilikuwepo. Bibi zako walikufa wakiwia watu ambao hawakuwahi kuwalipa.

Aliyenitikisa hakuwa mhubiri, alikuwa mama wa nyumba ya pili, yule unayemwita Ma mkubwa, aliyekuwa akikuletea kaimati Ramadhani. Mwaka mmoja, siku mbili kabla ya mwezi kuandama, alikuja mlangoni na buibui yake, akakataa kukaa. "Niwie radhi," akasema. Nikamuuliza kwa lipi. Akasema kuna siku alimwambia mteja wangu kwamba mbaazi zangu zina maji. (Na kweli siku ile zilikuwa na maji, nazi zilikuwa ghali.) Nikacheka, nikamwambia yameisha. Yeye hakucheka. "Siwezi kuingia mwezi na kitu chako," akasema, akaenda mlango wa tatu kuomba radhi kwa jambo jingine. Wanafanya hivyo kila mwaka, mtaa mzima waona watu wakigongeana. Sikio langu lilisikia lile neno la nyanya yako ndani ya "niwie". Mwanamke huyu anapitia daftari lake mara moja kwa mwaka, ukurasa kwa ukurasa, na mimi nasali Sala ya Bwana kila Jumapili na kuna ukurasa sijaufungua tangu 2009.

Nilijaribu usiku ule. Nikachukua kalamu, nikaufungua, nikaufunga. Sikuweza. Nakwambia hivi ili usidhani mamako alizaliwa na moyo laini. Nilichoomba ni neno moja tu: Bwana, nifanye nitake. Niliomba hivyo kwa miaka, mara nyingine huku mikono imejaa unga na akili iko kwenye mafuta.

Mwezi wa tatu mwaka jana, saa kumi na nusu alfajiri, mlango wa jikoni ukagongwa. Ni nani anayejua kwamba saa hiyo niko macho na niko jikoni, kama si mtu aliyelala nyumba hii? Nilikuwa na hotuba. Miaka 15 nilikuwa nikiipanga, ilikuwa na maswali saba na nilijua lipi litamliza. Nikafungua. Amekonda, mwanangu, mabega yametoka. Ana mfuko wa plastiki mmoja. Hakusema shikamoo, hakusema samahani. Aliingia, akaona mbuzi ya nazi iko chini na nazi imeshavunjwa, akaketi juu yake akaanza kukuna.

Nami hotuba yote ikapotea. Nilimtazama mikono, nikasikia sauti yangu ikisema, "Usifike kwenye kifuu, tui litaingia weusi." Ndilo neno la kwanza nililomwambia baada ya miaka 15. Mahamri ya karai ile yaliungua yote. Wateja walikula hivyo hivyo, mmoja akaniuliza kama nimebadilisha unga.

Yule baba wa Luka 15 alimwona mwanawe angali mbali, akaenda mbio. Mimi sikwenda mbio. Nilisimama na mwiko. Lakini sasa najua kwa nini yule mzee hakumwacha kijana amalize hotuba aliyoitunga njiani: alishaona mabega. Mtoto wa mamako akiwa na mabega yale, tumbo lako lenyewe lapinda, halikuulizi. Nadhani Mungu ndivyo anavyotuona sisi, ametutazama mabega kabla ya kusoma daftari.

Msamaha aliuomba siku ya tatu, na aliuomba vibaya. "Dada, ile ya mkebe..." akashindwa kuendelea. Nikamwambia nimesikia. Usiku nikafungua ukurasa wa mwisho nikapiga mstari juu ya ile 36,000. Namba yasomeka bado chini ya wino. Sikuchana karatasi.

Waliniambia kanisani kwamba kama nimesamehe kweli, nimrudishie na funguo. Mimi nilikataa, na sioni haya. Sanduku la pesa nalifunga na ufunguo uko shingoni mwangu. Yusufu aliwapenda ndugu zake mpaka akajificha chumbani kulia, na bado aliwatilia fedha kwenye magunia na kikombe katika gunia la Benyamini, awaone wamekuwa watu gani. Kumfutia mtu deni ni leo. Kumkopesha tena ni habari nyingine, na hiyo itachukua muda wake. Mamako mdogo mwenyewe alipoona ufunguo alisema, "Uko sawa, dada." Sasa anakuna nazi, anapeleka mbaazi stendi, analala chumba ulichokuwa ukilala. Anakohoa usiku, tunakwenda kliniki kila mwezi.

Nimezunguka sana. Nilikuwa naogopa kufika hapa.

Muhula ule uliokaa nyumbani ukiuza viazi karai pale stendi, wenzako wakipita na sare, nilikwambia mamako mdogo alikomba na karo yako. Hakukomba. Karo yako, 14,000, ilikuwa kabatini kwenye bahasha, haijaguswa. Niliitoa mimi. Wanawake wawili wa chama walikuwa wameanza kusema kwamba ile hadithi ya dada ni ya kutunga, kwamba pesa nimekula mimi, na mimi sikuweza kuvumilia Jumapili nyingine ya kutazamwa hivyo. Nikachukua bahasha nikawalipa wale wenye midomo kwanza. Zile 19,000 zilizobaki nililipa kwa mahamri, miezi minane. Niliokoa jina langu kwa muhula wako, kisha nikamtupia mtu ambaye hakuwepo kujitetea, kwa kuwa alikuwa tayari ana kosa moja na la pili halingeonekana.

Ulirudi shule ukiwa nyuma ya wenzako na hesabu hazikukaa sawa tena. Najua. Nilikuona ukisoma na mshumaa. Mara ngapi nilifungua mdomo nikasema "lala, utaumiza macho" badala ya kusema hili.

Basi kwa swali lako: hakuna aliyenipa ruhusa. Nimefuta chake kwangu. Chake kwako sijakigusa na sitakigusa, ni chako. Ila kabla ya kukaa nacho usiku, ondoa humo muhula mmoja na zile 14,000, uzihamishie kwangu. Alikuibia mama mdogo wa kukulea na nyumba yenye amani. Hilo ni lake, mdai. Shule ni yangu mimi. Niwie radhi, mwanangu. Na kama leo huwezi, nami niliomba miaka mingi kabla ya mkono kutii, sitakupigia simu kukuharakisha.

Yeye hajui kwamba nilimsingizia. Nitamwambia kesho, tukiwa tunasukuma.

Krismasi ukiamua kuja, kata tiketi mapema, treni hujaa. Ukishuka Miritini usikubali bei ya kwanza ya teksi. Mamako mdogo ameniuliza kama bado hupendi hiliki nyingi kwenye mahamri. Nikamwambia akuulize mwenyewe. Akanyamaza, kisha akaniomba namba yako. Sijampa. Nangoja uniambie.

Mamako