Mdogo wangu, ile karatasi uliyotaka nitie sahihi

Mdogo wangu,

Tangu hitima ya Mama hupokei simu zangu, na kwenye grupu la familia umejitoa. Watu wa Kibokoni Mombasa, wa Leicester Uingereza na hata wa Muscat wamekwisha kusikia upande wako. Basi nakuandikia hapa mtandaoni, kwa kuwa najua wanao hupita hapa na watakuonyesha. Wakisoma na wengine, na wasome.

Ulisema mbele ya Ami na mashangazi, sinia za pilau hazijaondolewa bado, kwamba kaka yako alipopata kadi yake ya ukaazi wa Ufaransa alikufungia mlango. "Alijitengenezea yeye na mkewe, mimi akaniacha nje." Watu waligeuka kuniangalia, na Ami akashusha tasbihi yake. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa hitima ya mama yetu na msomaji alikuwa bado ameketi. Leo sinyamazi.

Nyumba hii unaijua. Chumba cha juu kilikuwa chako tangu ulipokuja na masanduku yako, Oktoba 2019, talaka haijapoa. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba duka la mikate halifunguliwi Jumatatu, na kwamba kati ya saa sita na saa nane mchana usimwendee mtu kwa jambo lolote, awe fundi bomba au karani wa ofisi ya meya. Ile Jumatano ya kwanza ya mwezi king'ora kilipolia saa sita, ulitoka mbio na mtandio mkononi ukidhani kuna vita, hadi jirani yetu mzee alipokueleza kwamba ni majaribio ya kila mwezi. Mzee huyo hutuletea jozi za kula kila msimu wa mapukutiko, na kila akija anakuulizia. Mimi namwambia utakuja. Sijui nimwambie nini kingine.

Na Alhamisi sokoni Eymet, huku kusini-magharibi mwa Ufaransa, chini ya yale matao ya uwanja wa zamani! Waingereza wenzetu kwa pasipoti ni wengi pale, mtu anaweza kununua mboga, jibini na kuku wa kuchoma asitamke neno moja la Kifaransa. Wewe ulikataa kuishi hivyo. Kifaransa chako cha hotelini Nyali ulikitoa chote, ukikosea na kurekebishwa, na wachuuzi wakakupenda kuliko walivyotupenda sisi tuliotangulia. Nilijivuna kwa ajili yako. Wifi yako mpaka leo akipika mbaazi za nazi husema Bergerac nzima hakuna anayejua kuchagua nazi ya kopo kama wewe.

Lakini soko lile lile ndilo lililokuponza. Pale ndipo ulipokutana na yule bibi wa Kiingereza aliyekwambia kwamba kadi ya ukaazi ni kwa wenye nyumba tu, na asiye na nyumba hana haja nayo. Ulimwamini yeye, ukaacha kumwamini kaka yako aliyekuwa amesoma maelezo yote mstari kwa mstari.

Nilikueleza wewe mwenyewe kwa simu, ukiwa Leicester. Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikaisha 31 Desemba mwaka huo huo. Mwingereza aliyekuwa akiishi hapa kihalali kabla ya siku hiyo haki yake ilibaki, ila ilimlazimu aiombe. Maombi yalifunguliwa mtandaoni Oktoba 2020. Hayakuwa na malipo hata senti. Unajaza jina, unaambatanisha pasipoti na vielelezo vya kuonyesha unaishi wapi, kisha unaitwa Périgueux, makao makuu ya mkoa wetu, kupiga alama za vidole. Mwisho ulikuwa 30 Juni 2021, wakaongeza mpaka mwisho wa Septemba. Mwenye nyumba, mpangaji, anayekaa kwa nduguye, wote walitakiwa kuomba. Nilikwambia lete barua za benki, lete tiketi, lete chochote chenye anwani ya hapa. Ukasema, "Nitaona."

Ulipoona, ilikuwa Septemba 2021.

Usiku ule sijausahau. Tulikuwa tumeshaswali isha. Wifi yako alikuwa anasukuma chapati, unga mpaka viwikoni. Ukatoa kwenye mkoba karatasi iliyokwisha kuandikwa, kwa Kifaransa kizuri kisicho chako wala changu. "Mimi niliyetia sahihi hapa chini nathibitisha kwamba dada yangu ameishi nyumbani kwangu bila kukatiza tangu Oktoba 2019." Chini pameachwa nafasi ya tarehe na sahihi. Ulikuwa umeshatoa hata nakala ya bili yangu ya umeme, sijui uliipata saa ngapi. Ukanitia kalamu mkononi, ukavifumba vidole vyangu juu yake kwa vidole vyako.

Bila kukatiza! Na wewe uliondoka Februari 2020 kwenda kushughulikia nyumba yako, korona ikafunga njia, ukarudi Juni 2021. Muda wote huo daktari wako alikuwa wa Leicester, benki ya Leicester, barua zako zote Leicester. Nikaiweka kalamu mezani. Nikakwambia, na wifi yako ni shahidi: chukua karatasi nyeupe, tuandike yaliyotokea. Alikuja tarehe fulani, akaondoka tarehe fulani, maradhi ya dunia nzima yakamzuia, nguo zake zimebaki chumba cha juu. Tuambatanishe tiketi zako zote. Waamue wenyewe. Ningetia sahihi saa ile ile, na Périgueux ningekupeleka mimi.

Ukakataa. Hukusema kwa nini mbele ya wifi yako, ila mimi najua. Karatasi ya kweli ingeianika Leicester yako yote, na mkaazi wa Ufaransa hutangaza mapato yake yote kila majira ya kuchipua, pamoja na pango la nyumba ya Leicester, na akaunti zake zote za nje. Akaunti usiyoitangaza faini yake ni euro 1,500, na hiyo ni kwa kila akaunti. Nilikufafanulia kwamba nchi hizi mbili zina mkataba wa kodi, pango lile lile halitozwi mara mbili. Ukasema hutaki serikali mbili zikujue. Mdogo wangu, huwezi kutaka kukaa katika nchi na wakati huo huo kutaka isikujue.

Kisha ukasema neno ambalo hadi leo halijanitoka. "Baba angekuwa hai, angetia sahihi."

Baba! Karani wa bandarini Kilindini, mtu aliyekuwa akirudi nyumbani usiku na kuondoka tena kwa sababu hesabu ya magunia haikulingana na ya melini. Ulimtia Baba kinywani mwako kwa ajili ya karatasi ile. Ningekusamehe mengi, na hilo la hitima nalo huenda likapoa. Hili la Baba limenikaa.

Sasa nikueleze kitu ambacho hukutaka kukisikia usiku ule. Sheria ya hapa inasema anayeandika uthibitisho wa uongo anaweza kufungwa mwaka mmoja na kutozwa euro 15,000. Uongo huo ukiwa wa kumpatia mtu kadi ya ukaazi, ni miaka 3 na euro 45,000. Unaweza kusema nani angegundua. Wangegundua kwa mhuri mmoja wa pasipoti, kwa barua moja ya daktari wako. Na mimi nikiguswa, wifi yako anaguswa. Ana kisukari, unajua. Hapa ugonjwa wake umo katika orodha ya magonjwa ya muda mrefu, matibabu yake yanalipiwa asilimia 100. Insulini, vipimo, daktari wa macho, vyote vinapita kwa kadi yake ya afya, ile ya kijani. Haki hiyo ameipata kwa sababu tunaishi hapa kwa njia iliyonyooka. Ulitaka niyaweke macho ya mke wangu rehani kwa sentensi moja ya uongo. Ungekuwa wewe, na mgonjwa ni mwanao, ungetia sahihi?

Najua yaliyokupata baadaye. Wapangaji walikuwa ndani ya nyumba yako, ukalala sebuleni kwa mwanao hadi mkataba wao ulipokwisha. Najua kila ukija Ufaransa unahesabu siku 90 katika kila siku 180, na hesabu hiyo inashika nchi zote za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hata ukienda Uhispania kwa wiki. Inaniuma. Wifi yako hulitandika lile godoro la juu kila mwanzo wa mwezi na hataki nikiweke humo kitu changu chochote. Kuumia kwangu hakubadilishi kilichoandikwa kwenye ile karatasi.

Njia ipo bado, na hii nakwambia kama kaka. Ile kadi ya bure ya 2021 usiifikirie tena. Omba visa ya muda mrefu ya mgeni, ukiwa Uingereza, kabla ya kusafiri. Unaanza mtandaoni, miezi mitatu kabla ya siku ya kuondoka au chini ya hapo, halafu unaenda mwenyewe na pasipoti na vidole vyako. Ada ni euro 99. Watataka waone una mapato ya kukutosha, na kipimo chao ni kama mshahara wa chini wa Ufaransa. Lile pango ulilolificha ndilo litakalokubeba, kwa hiyo litoe lote. Watataka bima ya afya, na uahidi kwamba hutafanya kazi hapa. Ukishafika una miezi mitatu ya kuithibitisha visa mtandaoni na kulipia stempu. Ukisahau hilo umerudi mwanzo. Ukifikia umri wa pensheni ya serikali ya Uingereza, omba ile fomu ya S1, Uingereza ndiyo itakayolipia matibabu yako hapa. Mara tu ukiingia kwenye bima ya hapa, jiandikishe kwa daktari mmoja, maana ukienda bila hivyo unarudishiwa asilimia 30 badala ya 70. Leseni yako ni ya kabla ya 2021, endelea kuendesha nayo hadi ikaribie kuisha.

Na usijaribu tena ule mchezo wa kukaa ukizidisha siku. Tangu 12 Oktoba 2025 wameanza kuchukua picha na alama za vidole mpakani, na mashine ndiyo inayohesabu.

Katika maombi hayo utaulizwa utakaa wapi. Hapo ndipo inapohitajika barua ya mwenyeji, nakala ya kadi yake na bili yake ya umeme. Barua hiyo nitakuandikia, kwa mkono wangu, kwamba dada yangu atakaa nyumbani kwangu, chumba cha juu. Niletee tarehe tu.

Ila kabla ya kuniletea tarehe, mpigie Ami. Mwambie karatasi niliyokataa kuitia sahihi ilikuwa imeandikwa nini, msomee maneno yale mawili, "bila kukatiza", kisha umwambie na ile nyingine niliyokuwa tayari kuiandika usiku ule ule. Waambie na mashangazi. Uliwakusanya wao kusikia la kwanza, wakusanye kusikia na la pili. Mimi sitawapigia, ni wewe utakayewapigia.

Kaka yako