Risala ya Waokoaji wa Kujitolea wa Ufukweni kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, viongozi wa dini, wazazi na wageni waalikwa, karibuni sana. Ahsante, Mheshimiwa, kwa kuacha majukumu yako mengi kuja kutusikiliza.

Kazi hii ina historia. Mwaka 1907 waogaji wa ufukwe wa Bondi, Sydney, Australia, waliunda chama cha uokoaji cha kujitolea, na mwaka uleule vyama vya jimbo lao la New South Wales vikaungana. Mwokoaji alivaa mkanda wenye kamba, akaogelea, wenzake wakamvuta kutoka nchi kavu. Kamba ikinasa kwenye mwani, ilimzamisha yeye mwenyewe. Februari 6, 1938 mawimbi yalizoa mamia ya watu Bondi. Waokoaji wakawatoa, wakafa 5 tu.

Nasi tumepiga hatua kubwa. Vijana wetu wanautambua mkondo unaorudi baharini: pale mawimbi yasipovunjika na maji yamechafuka mchanga. Bendera za nyekundu na njano tunazipandisha mbali na hapo, na watu wanaogelea katikati yake.

Mheshimiwa, tatizo letu ni moja: tunaokolea tyubu za magari. Kusi ikivuma, tyubu hupeperuka kabla ya kumfikia mtu. Matumbawe huitoboa. Aliyeishiwa nguvu hawezi kujishikilia, huteleza na kupita katikati. Hapo mwokoaji hulazimika kumshika kwa mikono, naye mzamaji humkumbatia shingoni, wakazama wawili.

Boti ya injini tuliahidiwa katika hadhara kama hii, tukashangilia. Mgeni aliyefuata naye akaahidi, tukashangilia tena. Barua zetu za kukumbusha zina mihuri ya kupokelewa, majibu hatujayapata. Kwa heshima zote, leo hatuombi boti, maana hata ikija itataka mafuta, fundi na kinga ya pangaboi.

Tunaomba maboya 6 ya uokoaji, yale marefu ya sponji, yenye kamba ya kuvaa begani na kibanio, pamoja na jozi 6 za mapezi ya kuogelea: 4 za zamu, 2 za akiba. Mwokoaji huburuta boya nyuma yake, humsukumia mzamaji akiwa bado mbali naye, kisha humzungushia kifuani, hulifunga mgongoni na kumvuta. Mikono ya mzamaji haimfikii.

Sikukuu ya Idi inakaribia na ufukwe utafurika watoto. Tunaomba, Mheshimiwa, ututajie tarehe ya kuvipokea kabla hujaondoka hapa, na iandikwe kwenye kitabu cha wageni.

Tunaomba kuwasilisha.