Shule itakayotutoa nyumbani

Kwa Mhariri,

Tangu niwaondoe wanangu wawili shuleni, swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi sokoni, msibani na arusini ni lini nitawarudisha, na huulizwa kwa sauti ileile ya mtu anayeuliza mgonjwa atatoka lini hospitalini. Ningependa kulijibu swali hilo kupitia gazeti lako, si kwa niaba ya wazazi wote wanaosomesha watoto nyumbani, kwa kuwa hatufanani, bali kwa niaba yangu na ya familia chache za Malindi, Gede na Watamu, hapa pwani ya Kenya, ambazo tumekuwa tukikutana kila mwezi kuanzia mwaka wa 2021. Wengi wetu hatuichukii shule. Tumekuwa tukiitafuta, na tunayoitafuta si ile ambayo watu hudhani tunaitaka.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, binti yangu mkubwa alikuwa Gredi ya 2, akisoma darasa moja na watoto zaidi ya sabini, na alikuwa hajui kusoma. Simlaumu mwalimu wake, ambaye hata kuwaita majina kulimmalizia nusu ya kipindi. Kufikia Oktoba mwaka huo, mezani jikoni, baina ya kuchambua mchicha na kuangalia chungu, binti yangu alikuwa anasoma gazeti hili kwa sauti na kuniuliza maana ya maneno ambayo hata mimi niliyatafuta kwenye kamusi. Zilipofunguliwa tena kikamilifu Januari 2021, sikuona sababu ya kuharakisha. Mwaka ukazaa mwingine, na mdogo wake naye akajifunzia kwenye meza hiyohiyo.

Sasa mkubwa ana umri wa sekondari ya msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, na meza ya jikoni imeanza kuwa ndogo. Siwezi kumfundisha kemia kwa siki na magadi hadi mwisho wa safari. Akitaka mkondo wa sayansi katika sekondari ya juu atahitaji maabara, na akitaka kuimba katika tamasha za muziki au kukimbia katika mashindano ya shule atahitaji jina la shule kifuani. Kwa hiyo mwaka jana sisi wazazi tuliamua kuzuru shule, tukienda wanne au watano pamoja kama washenga.

Ya kwanza ilikuwa ya kibinafsi, yenye bwawa la kuogelea ambalo mkurugenzi alilisifu kwa karibu nusu saa. Mwenzetu mmoja alipouliza mtoto hupewa muda gani wa kusoma kitabu alichojichagulia mwenyewe, tulijibiwa kwamba maktaba ipo. Ya pili ilikuwa ya bweni, na hapo nakiri hatukwenda kwa mioyo mikunjufu: tangu wavulana 21 wa shule ya Hillside Endarasha kule Nyeri wafe kwa moto wa bweni Septemba 2024, wengi wetu tukiona kitanda cha ghorofa hutafuta kwanza mlango uko wapi. Ya tatu ilikuwa shule ndogo ya umma, barabara yake vumbi tupu, ambapo mwalimu mkuu alituambia tuingie darasa lolote tutakalo, tukae nyuma, tusiseme. Tulikaa saa nzima. Mwalimu wa hisabati alikosea hesabu ubaoni, mvulana mmoja akamsahihisha, mwalimu akamshukuru na kuendelea. Tulipokuwa tukirudi kwa tuktuk hakuna aliyezungumzia bwawa la kuogelea.

Nimelitaja kosa hilo la ubaoni kwa sababu ndilo linaloeleza vizuri zaidi tunachokitafuta. Mtoto aliyezoea kuuliza akiwa jikoni hawezi kupelekwa mahali ambapo kuuliza ni utovu wa adabu. Tunatafuta pia shule inayoheshimu sheria zilizopo, jambo ambalo lisingestahili hata kutajwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 36, inakataza kumpiga mtoto na kumtesa kiakili, na kifungu cha 37 kinakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Kanuni za mwaka 2015 zinasema masomo ya shule ya kutwa huanza saa mbili asubuhi na kwisha saa tisa na nusu alasiri. Hata hivyo, nikitoka alfajiri kununua mahamri nakutana na watoto wadogo wakisubiri basi gizani, vichwa vimeinama kwa usingizi, na mkoba mgongoni mzito kuliko wa fundi seremala. Ukimwambia mzazi wa kawaida kwamba umekataa shule kwa sababu ya saa, anadhani wewe ni mvivu. Mimi nasema mtoto aliyelala ndiye anayesoma.

Jambo ambalo wengi wetu tungelipenda kuliko yote ni kuruhusiwa kumpeleka mtoto siku tatu kwa wiki, na siku mbili abaki nyumbani. Nikilisema huonekana kama mtu anayetaka kula na kubaki nacho, lakini sisi watu wa Pwani hatuna haki ya kulishangaa. Hapa mtoto amekuwa akienda shule asubuhi na chuoni, yaani madrasa ya Kurani, jioni tangu enzi za babu zetu, ana mwalimu huku na maalimu kule, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kuwa na mahali pawili pa kujifunzia kutamchanganya.

Kizuizi kikubwa kiko kwenye tathmini. Enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, alama zote za mtoto zilitokana na karatasi alizofanya kwa siku chache. Sasa alama za kumpeleka sekondari ya juu hukusanywa kidogo kidogo: asilimia 20 hutoka kwenye tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 kwenye tathmini ya Gredi ya 9. Tathmini za shuleni zinamhitaji mwalimu amwone mtoto akifanya kazi, ampe alama, kisha aziwasilishe kwa Baraza la Mitihani, KNEC, kupitia shule yake. Mtoto asiye na shule hana wa kumpelekea alama. Ajabu ni kwamba mtaala huu wa sasa wa umilisi, unaojulikana kama CBC, kwa nia yake, unafanana na maisha ya nyumbani kuliko wowote uliotangulia, kwani unamtaka mtoto apike, apande, ashone na apime, lakini ndio huohuo uliotufungia mlango.

Ndiyo sababu wenzetu wengi hukimbilia mitaala ya kigeni, hasa ya Cambridge, ambayo mitihani yake humpokea mtahiniwa wa binafsi kwa ada inayolipwa somo kwa somo. Mimi pia nilikimbilia huko, na hapo pana aibu nisiyoweza kulificha gazeti la Kiswahili. Wanangu huzungumza Kiswahili cha Malindi kuanzia wanapoamka, lakini vitabu nilivyonunua havina hata ukurasa mmoja wa ngeli, na siku nilipomwambia mkubwa aandike insha ya barua kwa nyanya yake aliandika mistari minne kisha akaniuliza kama anaweza kumalizia kwa Kiingereza. Mwalimu mstaafu jirani yetu anamfundisha sasa kila Jumamosi. Shule yenye mwalimu mzuri wa Kiswahili ingenipata hata kama paa lake linavuja.

Nilipomweleza mwalimu mkuu wa ile shule ya tatu haja yetu ya siku tatu, hakucheka. Aliniuliza mtoto wa namna hiyo atahesabiwaje katika mgao wa serikali, ambao kwa sekondari ya msingi umewekwa kuwa shilingi 15,042 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na akaniuliza atawaambia nini wazazi wengine watoto wao wakitaka Ijumaa ya mapumziko. Aliongeza kwamba kifungu cha 30 cha sheria hiyohiyo kinaifanya elimu kuwa lazima, na kwamba afisa wa elimu akija kukagua daftari la mahudhurio, si mimi nitakayeandikiwa barua. Ni maswali ya haki na sikuwa na majibu ya kutosha. Wizara ya Elimu ndiyo inayoweza kuyajibu, kwa waraka mmoja unaomruhusu mwalimu mkuu kumsajili mtoto anayesomeshwa nyumbani, kumhesabu, kumfanyia tathmini na kuwasilisha alama zake kama za wengine.

Nikiri pia kwamba katika kikundi chetu wamo ambao hakuna shule itakayowaridhisha, kwa kuwa wanaloliogopa ni mtoto kukua mbali na macho yao, na wamo walioondoa watoto kwa kukosa karo na wakaona haya kusema. Hao wa pili hawahitaji shule ya aina yake. Wanahitaji shule isiyowarudisha watoto nyumbani kwa pesa za chakula cha mchana na za karatasi za mitihani.

Muhula ujao utakapofunguliwa tutarudi kwenye ile shule ya barabara ya vumbi, safari hii pamoja na watoto, maana mkubwa amelalamika kwamba tumezunguka mwaka mzima kumchagulia shule bila kumwuliza yeye. Ameandika maswali yake saba, kwa Kiswahili, na la kwanza ni kama yule mvulana wa hisabati bado yupo.

Mzazi wa watoto wawili,
Malindi